Mwaka Tuliompeleka Papa Ilunga Kilwa ya Bahari

Nianze na gundi, kwa sababu mimi niliingia katika kazi hii kupitia gundi, si kupitia maji. Baba yangu, Mzee Ramazani, alikuwa fundi viatu kule Kampemba, hapa Lubumbashi. Siku moja mtu mrefu mwenye mabega mapana alimletea suti nyeusi ya mpira iliyochanika magotini, akamuuliza kama inaweza kushonwa. Baba aliigeuza, akainusa, akasema hii haishonwi, inagandishwa. Suti ikalala chini ya jiwe nyumbani kwetu mpaka ikashika. Na kwa kuwa mgongo wa baba ulikuwa umeanza kumsumbua, mimi ndiye niliyetumwa kuirudisha Makomeno, kwenye ile pisini ya zamani ya kuogelea ambayo ninyi mnaofanya kazi pale leo mnaijua kuliko vyumba vyenu vya kulala.

Yule mtu mrefu alikuwa Papa Ilunga. Wengi wenu hamkumkuta, na picha yake iliyoko ofisini imeliwa na unyevu mpaka amebaki masharubu, kwa hiyo nitamweleza. Wazazi wake walitoka kaskazini mwa Katanga, wakaletwa mjini na kazi ya reli. Yeye akawa mzamiaji wa mabwawa ya umeme. Kazi yake ilikuwa kushuka mbele ya milango ya maji na kuondoa magogo, majani na nyavu zilizoziba vyuma, katika maji yenye rangi ya chai ya maziwa, ambamo mtu haoni hata mkono wake mwenyewe. Alipomaliza utumishi wake kule, aliomba ruhusa ya kutumia pisini ya Makomeno, akaanza kuwafundisha watu wanaotaka kuzamia kwa raha tu: mainjinia wa migodi, wafanyabiashara, madaktari, na vijana waliochoshwa na baa. Watu wakamcheka. Lubumbashi iko mbali na bahari zote mbili, na huyu anafundisha bahari. Lakini wanafunzi walikuja, pengine kwa sababu hiyohiyo.

Nilimkuta amekaa pembeni ya pisini, anapangusa vipumulio, vile vya kuweka mdomoni ili kuvuta hewa ya mtungi. Aliipokea suti, akapitisha kidole kwenye magoti.

“Njo weye uliitengeneza?”

“Ni baba. Mi nilishika tu.”

“Basi bakia, uone kama inashika mu maji.”

Akaivaa, akaingia, akapiga magoti chini kabisa mara kadhaa, akatoka. Ilikuwa imeshika. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuvuta hewa ndani ya maji. Nikamjibu kwamba Mungu hakunipa matamvua ya samaki. Akanipa kipumulio na miwani.

“Weka uso. Vuta polepole, sawa mutu anakunywa chai ya moto.”

Nikapiga magoti kwenye ngazi za upande wa kina kifupi, na nguo zangu, na kilemba changu kichwani, nikaweka uso majini. Vigae vya chini vilikuwa na nyufa na kulikuwa na kipande cha sabuni. Basi, hayo tu ndiyo niliyoyaona. Lakini nilivuta hewa, ikaja. Nikavuta tena, ikaja tena. Nilipoinua kichwa kilemba kilikuwa kinachuruzika mabegani, na nikamuuliza kama naweza kurudia.

Mama alipopata habari alitaka kuiona hiyo nguo ya kuogea. Nikampelekea suti. Aliikagua akitafuta cha kulaumu, akakosa, maana ilinifunika kutoka shingoni mpaka vifundoni kuliko kanga yoyote aliyokuwa nayo. Akasema tu kwamba inanuka.

Miaka ya mwanzo nilikuwa wa gundi, wa kompresa ile ya kujazia hewa, na wa mitungi. Msidharau sehemu hiyo. Papa Ilunga alinizoesha kunusa hewa ya kila mtungi kabla ya kumpa mtu, kwa sababu kompresa ikivuta moshi wa gari lililoegeshwa karibu, pua ndiyo itakayojua kwanza. Alinizoesha kumtazama mteja anavyofunga mkanda wake wa risasi, ule mzito wa kumvutia chini: anayeongea sana huku akifunga, ana hofu. Na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaichukia.

“Kama uko na mashaka, mutu hashuke. Atakasirika, kisha atapoa. Mutu mwenye kukasirika iko mutu muzima.”

Kitu kingine alichonifanyia ni kunifunika miwani kwa kitambaa cheusi. Ilinibidi nizunguke pisini yote chini ya maji kwa kupapasa ukuta, nivue vifaa vyangu na kuvivaa tena bila kuona, nimtafute yeye kwa kufuata kamba. Nilifanya hivyo karibu kila juma. Siku moja nikamwambia kwamba huko tunakowapeleka wateja maji ni ya kioo, watu wanakwenda kutazama samaki, sasa giza hili la kazi gani. Hakukasirika.

“Mi sijue maji ya kuona,” alisema. “Naweza kukufundisha paka ile tu mi najua.”

Ndiyo, Papa Ilunga hakuwa amewahi kuona mwamba wa matumbawe. Kila kiangazi klabu yetu ilipeleka wateja Kilwa, mwalimu mmoja akawasindikiza, na mwalimu mwingine akabaki na pisini na wanafunzi wapya. Mwaka wa kwanza nilipokuwa tayari kusindikiza, nilijua ni zamu yake kwenda, mimi nibaki. Akasema hapana.

“Enda weye. Hii kompresa inanijua miye.”

Nilipomwambia mama ninakwenda Kilwa, aliniagiza samaki wakavu. Alidhani ni Kilwa yetu ya ziwa Mweru. Nikamweleza ni Kilwa nyingine, ya Tanzania, ya bahari. Akauliza kwa nini watu wapitie Kasumbalesa, wakate Zambia nzima, waingie Tanzania, kwenda kutafuta jina ambalo liko hapahapa Katanga. Barabarani, kila mpaka, maofisa waliigonga mitungi yetu kwa kalamu na kuuliza ni gesi ya kupikia au nini. Nilipowajibu kwamba ni hewa tupu, walinitazama kama mtu anayesafirisha upepo.

Kule tulikuwa na nahodha wetu, Hamisi, mtu wa Kilwa Masoko mwenye boti ya mashine na maneno machache. Alitupeleka kwenye mwamba, nikaingia majini na wateja, nikatazama chini. Sitaeleza sana, maana ninyi mmeona picha nyingi kuliko nilizoona mimi. Nitasema tu kwamba nilisahau kuhesabu wateja wangu, jambo ambalo hamtakiwi kulisahau kamwe. Kulikuwa na matumbawe ya zambarau kama mabuyu ya sukari, mengine ya njano yamepanuka kama uyoga baada ya mvua. Chewa mkubwa alikaa chini ya mojawapo akitutazama kama mwenye nyumba. Nilivuta hewa nyingi mno, mtungi wangu ukaisha kabla ya ile ya wanafunzi wangu.

Niliporudi Lubumbashi, Papa Ilunga alinikalisha chini ofisini. Alitaka kila kitu, kwa maswali ya mtu wa kazi.

“Mutu anaona mpaka wapi?”

“Mbali, Papa. Toka hapa mpaka kwa ule ukuta wa kule.”

“Ule ukuta wa kule ku njia?”

“Kuupita.”

Kisha akauliza kama kasa akimwona mtu anakimbia au anaendelea na shughuli zake.

Ikawa hivyo kila kiangazi. Mimi nikaenda, yeye akabaki, mimi nikarudi na kusimulia. Mwaka mmoja pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Mwaka mwingine mkewe, Mama Georgette, alikuwa anaumwa. Mwaka mwingine kulikuwa na wanafunzi wengi ambao hakutaka kuwaacha katikati. Kila mara alisema mwaka ujao, nami nikaitikia mwaka ujao, kwa wepesi, kama mtu anavyojibu salamu.

Nje ya mwamba ule kuna meli ya mizigo iliyozama zamani, imelala ubavu, mlingoti wake unakaribia juu. Wateja wanaipenda kuliko samaki. Huko ndiko nilikopata siku yangu ngumu kuliko zote. Nilikuwa na Injinia Patrice, mtu wa migodi, mzamiaji mzuri, aliyekuwa ameshuka bahari nyingi kuliko mimi. Tulikubaliana kutazama kwa nje tu. Lakini aliona mlango wa sehemu ya mizigo uko wazi, akapenya, nami nikamfuata ili nimrudishe. Mapezi yake ya miguuni yalichapa sakafu. Tope la miaka yote likainuka mara moja, tukawa ndani ya usiku.

Patrice akaingiwa na wazimu wa hofu. Alinikamata shingoni, akaning'oa kipumulio mdomoni akakitia mdomoni mwake. Nikapapasa, nikapata kile cha akiba, nikavuta hewa. Halafu nikafumba macho. Sijui kwa nini kuyafumba kulinisaidia wakati hata nikiyafumbua sikuona, lakini kulisaidia. Nikamshika mkono kwa nguvu, nikanyoosha mkono mwingine mpaka ukagusa chuma. Ubavu wa meli. Nikaufuata, ubavu baada ya ubavu, polepole, kama ukuta wa pisini ya Makomeno, nikimburuta mtu mzima anayetetemeka, mpaka mkono wangu ukakosa chuma na nikahisi maji yanatembea. Tulikuwa mlangoni.

Kwenye boti Patrice alilia bila kujificha. Hamisi akampa chai ya chupa.

“Ulijua njia namna gani?” Patrice aliniuliza baadaye.

“Sikuijua njia. Nilijua ukuta.”

Papa Ilunga, nilipomweleza, hakunisifu. Aliuliza kitu kimoja tu: “Ulifunga macho?” Nikasema ndiyo. “Muzuri,” akasema. “Macho inasumbuaka.”

Patrice hakusahau aliyemtoa pale, na alielewa kwamba hakuwa mimi peke yangu. Papa Ilunga alipoanza kuzeeka, ni Patrice aliyewazungukia wanafunzi wa zamani wa klabu, akawaambia haiwezekani mzee huyu afe bila kuona. Wakachanga, wakampatia pasipoti mpya na tiketi ya ndege. Ilikuwa nzuri sana, na ilikuwa imechelewa. Papa Ilunga alikuwa na tension, shinikizo la damu, kwa muda mrefu, na miezi michache kabla ya safari alianguka uani kwake, mtaa wa Hewa Bora. Upande mmoja wa uso ulilegea, ukarudi taratibu. Daktari akamkataza kuzamia, moja kwa moja na kwa maisha yote. Tukasikilizana naye mbele ya Mama Georgette: atakwenda, ataelea juu ya maji na miwani na mrija, atatazama chini, basi.

Siku chache kabla ya kuondoka, Hamisi akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari za msiba.

“Dada Zaina, maji yamekuwa ya moto mwaka huu. Matumbawe yanapauka. Sijui kama mtapenda mtakachokiona.”

Nikamwambia Papa Ilunga, nikamuuliza kama tuahirishe.

“Hata mutu mugonjwa,” akasema, “bantu banaendaka kumuona.”

Tukaenda. Asubuhi ya siku ya pili Hamisi alitufikisha juu ya ile meli iliyozama, mahali inapopakana na mwamba. Mwenzangu kijana akashuka na wateja, Patrice akiwa mmoja wao. Tulibaki watatu botini. Nikainama kutafuta mrija wa Papa Ilunga, na nilipoinuka alikuwa ameshafunga mkanda wa risasi kiunoni. Alikuwa ameufunga vizuri, kimya, bila neno. Amekaa mgongo umenyooka, mbele ya mtungi wa akiba.

“Zaina, fungula ule mutungi.”

“Papa, tulisikilizana. Utaangalia toka juu.”

“Tulisikilizana kule Lubumbashi. Kule haina hii maji.”

“Daktari alikataza.”

“Daktari haiko hapa.”

“Mi niko hapa, Papa.”

Alinitazama. Sikuwahi kumwona akiomba kitu, si kwangu, si kwa mtu mwingine.

“Paka tu pa mulingoti,” akasema. “Si mbali. Nishike mukono, tufike pa mulingoti, turudie.”

Hamisi alikuwa ametupa mgongo, anafungua na kufunga tena kamba ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mkono wangu ulikuwa juu ya mtungi. Mlingoti niliuona kutoka pale nilipokaa, kivuli chake kinacheza chini ya maji. Ni mahali ambapo tunawapeleka watu wa siku ya kwanza.

“Nilifanya kazi yote mu giza, Zaina,” akasema kwa sauti ya chini. “Yote.”

Nikasema, “Hapana, Papa.”

Alifungua mkanda. Aliulaza kwenye sakafu ya boti kwa mikono miwili ili risasi zisigonge mbao. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Tukaingia majini na mirija, nikamshika mkono. Chini yetu mwamba ulikuwa mweupe. Matawi yote yalikuwapo, maumbo yote yalikuwapo, lakini rangi ilikuwa imetoka, kama mji uliopakwa chokaa wakati watu wamelala. Samaki walikuwapo wachache, wanapita haraka kama watu walioshuka kituo kisicho chao. Kando yake meli ilionekana nzima, na kutoka upande wa pili mapovu ya wenzetu yakapanda, yakapasuka karibu na nyuso zetu. Papa Ilunga hakusogea. Alielea mikono imelegea, akitazama, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilimbonyeza kiganja kujua kama yuko sawa, naye akanibonyeza.

Tulipompandisha botini, aliketi maji yakimchuruzika masharubuni.

“Leo niliona mbali,” akasema.

Baada ya muda akaniuliza, “Ile rangi ulikuwa unaniambiaka, ilikuwa hapahapa?”

“Hapahapa, Papa.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa mahali nyumba ya rafiki ilipokuwa.

Vijana, kanuni ile msiivunje. Nimewauliza madaktari wawili tangu siku hiyo, na wote wamesema nilifanya sawa, kwamba hata kina kifupi kingeweza kumuua mkononi mwangu. Nawaamini. Nikirudishwa kwenye boti ile leo nitakataa tena. Lakini majuto yangu hayako botini. Yako kwenye viangazi vyote vya nyuma, wakati mwili wake ulikuwa mzima na mwamba ulikuwa na rangi, naye akasema enda weye, nami nikaenda. Hakuna aliyenikataza kubaki na kompresa mwaka mmoja. Sasa sikio langu la kushoto limegoma, nimevua mapezi, na kiti cha msindikizaji ni chenu. Mkumbuke kuuliza nani hajawahi kukikalia.

Kilichobaki ni kilio chake, matanga yake. Alifariki masika iliyofuata, nyumbani kwake Hewa Bora, usingizini. Nilifika nikakuta ua umejaa, majirani, watu wa parokia, wanafunzi wa zamani. Na kila niliyemsalimia aliniambia jambo lilelile: kwamba marehemu aliwasimulia jinsi alivyoshuka Kilwa ya bahari. Aligusa meli. Aliona kasa, na kasa hakukimbia. Mwanawe mkubwa, aliyetoka Likasi, akanivuta pembeni.

“Mama Zaina, papa alituambia mulishuka naye. Weye na yeye. Alisema ulimushika mukono. Iko kweli?”

Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote, na wengine walikuwa wamegeuka kusikiliza. Patrice alikuwa karibu, ameshika kofia yake, naye aliujua ukweli. Akatazama chini.

“Iko kweli,” nikasema. “Nilimushika mukono.”

Yule kijana akapumua. Ndipo Mama Georgette, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, akaniita kwa kidole, nikachuchumaa mbele yake. Alinishika mkono, akanisemesha taratibu, ili wengine wasisikie.

“Miaka yote ya barrage, kule ku mabwawa ya umeme, alikuwa anarudiaka na baridi mu mifupa. Nilikuwa namusugua mikono mpaka usiku. Kule ku bahari, alisikia baridi?”

“Hapana, mama,” nikamwambia. “Kule maji iko ya moto.”

Akaniachia mkono, akajifunga kitenge chake upya, akawaambia wanawake waendelee kuimba.